MKONO JUU YA TUMBO: tulikotoka na hii tiba ya kukandwa viungo vya ndani

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu ya jioni, miguu inawaka, lakini niliahidi, kwa hiyo naanza. Wanaosema "nesi unaandika marefu": ndiyo, chemsha chai kabisa.

Wiki kadhaa zilizopita dada mmoja alinitumia ujumbe. Ameniruhusu nisimulie, jina nimeliacha. Aliandika hivi: "Nesi, mtoto wangu ana miezi kumi na nne, nilijifungua kwa oparesheni. Pembeni ya mshono, upande wa kushoto, kunaniuma, kunakuja na kuondoka. Kuna mtaalamu anakanda viungo vya ndani, ini, figo, utumbo, kwa vidole tu, pole pole, wala haumizi. Kaniambia ini langu limevutwa na kovu. Kikao elfu thelathini, nahitaji vikao sita. Niende?"

Laki na themanini. Huyu dada anauza vitafunwa shuleni.

Ningeweza kumjibu ndiyo au hapana nikalala zangu. Nikashindwa. Maana mimi nimelelewa na bibi aliyenikanda tumbo kwa mafuta ya nazi nikiwa na mchango, nikalala kama sijawahi kulia. Na ni mimi huyu huyu niliyempokea wodini mzazi wa siku kumi na moja, homa imepanda, tumbo limekandwa na kufungwa kanga hadi pumzi inakata, nyumbani wakisema ni chango, kumbe kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani kinaoza. Alipona, Mungu mkubwa. Lakini siku zile tatu za kukandwa zilikuwa siku tatu za kumchelewesha.

Kwa hiyo nikamjibu: nisubiri kidogo, ila kwanza niambie, hayo maumivu yanakuja lini? Jibu lake nitawapa sehemu ya mwisho. Kwanza twende nyuma, tuone hii mikono imetoka wapi.

SEHEMU YA 2

Kwetu hii habari haikuletwa na meli. Mwambao mzima mzazi anajua mkaja, ile nguo anayofungwa tumboni baada ya kujifungua. Na wale mliokaa kwenye vikao vya posa mnalijua neno hilo hilo kwa maana nyingine: mkaja ni zawadi anayopewa mama wa bibi harusi, pembeni ya mahari. Yaani mkwe anakuja kulipa heshima ya lile tumbo lililofungwa nguo miaka ishirini na kitu iliyopita. Nikilifikiria hili huwa nanyamaza kidogo.

Pamoja na mkaja kuna kukandwa kwa maji ya moto, kuna kusingwa, na kuna mkunga wa jadi anayepaka mafuta kiganjani na kupitisha mkono juu ya mimba kujua mtoto kalala vipi. Wengine walijaribu hata kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya.

Hapa niseme ukweli wa kazini. Maji ya moto yameunguza ngozi za wazazi wengi ninaowafahamu, na aliyefanyiwa oparesheni hakandwi tumbo, mshono bado mbichi. Mkaja uliokazwa mno unamzuia mama kupumua vizuri na kumwongezea mgandamizo kwa chini, ambako misuli imetoka kuchoka. Lakini sitaki kumcheka bibi. Mama aliyejifungua alipata mtu wa kumgusa kila siku kwa siku arobaini. Siku hizi tunamruhusu baada ya saa ishirini na nne, anapanda bodaboda na kichanga, na wa kumgusa hayupo tena.

SEHEMU YA 3

Sasa hospitalini. Mkija kliniki, mkunga anakulaza, anapasha mikono, anaweka viganja juu ya tumbo. Juu kwanza, halafu pembeni, halafu chini. Mnadhani tunabahatisha? Ile ni hatua nne zinazoitwa kwa jina la Christian Gerhard Leopold, daktari Mjerumani wa karne ya 19. Na kile chombo kama tarumbeta ndogo tunachokiegemeza tumboni na kuweka sikio, kinaitwa kwa jina la Adolphe Pinard, Mfaransa, wa mwaka 1895. Huyu Pinard alishaandika kitabu kizima mwaka 1878 kuhusu kupapasa tumbo la mjamzito na kumgeuza mtoto kwa mikono kutokea nje. Ndiyo, kile kile alichokuwa anajaribu mkunga wa jadi. Leo kugeuza kunafanywa na daktari, hospitalini, kwa ultrasaundi, na chumba cha oparesheni kikiwa tayari, kwa sababu mara chache mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka au kondo linaachia. Tofauti ya bibi na daktari hapa si ulaini wa mkono. Ni kile chumba cha jirani.

Mwalimu wangu wa ukunga alikuwa akisema kiganja kinauliza, hakisukumi. Maana wapo waliosukuma. Mwaka 1867 Samuel Kristeller wa Berlin alieleza namna ya kubonyeza juu ya kizazi ili mtoto atoke. Ilisambaa dunia nzima, na mpaka leo kuna mama atakwambia "nesi alinikalia tumboni". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unasema wazi: kumsukuma mtoto kwa kubonyeza tumbo hakupendekezwi. Ukifanyiwa, una haki ya kuuliza kwa nini.

Mwingine ni Carl Credé wa Leipzig, aliyefundisha miaka ya 1850 kukamua kizazi kwa kiganja ili kondo litoke. Najua mnatuchukia tunapobonyeza tumbo baada ya kujifungua, jamani inauma. Tunachotafuta ni kizazi kigumu kama embe bichi. Kikiwa laini, damu inamwagika. Zamani tulifundishwa kusugua tu bila kukoma. Mwongozo wa 2012 ukabadilisha: mama aliyekwisha chomwa oksitosini hana haja ya kusuguliwa mfululizo kama kinga, tunampima tu kama kizazi kimekaza. Damu ikizidi, hapo kusugua kunarudi, na ni kwa kuokoa maisha.

SEHEMU YA 4

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, mnisamehe nikikaa sana.

Uswidi, karne ya 19. Kulikuwa na chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm, kilichoanzishwa mwaka 1813 na Pehr Henrik Ling. Mmoja wa waliosomea hapo ni Thure Brandt, aliyezaliwa 1819. Hakuwa daktari. Alikuwa ofisa wa jeshi. Inasimuliwa kwamba alimsaidia askari aliyetokwa na sehemu ya haja kubwa, kwa kuuinua utumbo kupitia ukuta wa tumbo. Akajiuliza: kama utumbo unainulika, kwa nini kizazi kilichoshuka kisiinulike?

Jiwekeni kwenye nafasi ya mwanamke wa wakati ule. Umezaa saba, kizazi kimeshuka, unatembea nacho kati ya mapaja. Umewekewa pete ya kukizuia, inanuka, inachubua. Oparesheni ya tumbo ni hatari ya kufa. Aibu inakufanya usitoke nje. Hii haijaisha, msidanganyike. Nawaona kliniki, wamama wa miaka arobaini na kitu, wameficha miaka kumi.

Mwaka 1861 Brandt akaanza kumtibu mwanamke wa kwanza wa namna hiyo. Kidole kimoja ndani, mkono mwingine juu ya tumbo, mizunguko midogo, bila nguvu, halafu kukiinua kizazi pole pole akisaidiwa na mtu wa pili. Na juu yake mazoezi: mwanamke anabana magoti huku mwingine anayazuia, ili misuli ya chini ya nyonga ifanye kazi.

Madaktari wakamkasirikia, na mnaweza kukisia: mwanajeshi, si tabibu, anawagusa wanawake pale. Ingekuwa leo na mimi ningeuliza maswali makali, kuhusu ridhaa hasa. Lakini Brandt alifanya jambo ambalo wenye tiba mbadala wengi hawalifanyi. Majira ya baridi ya 1886 alikwenda Jena, Ujerumani, akawatibu wagonjwa mbele ya profesa wa magonjwa ya wanawake, Bernhard Schultze. Profesa na watu wake wanawapima kabla, wanawapima baada. Schultze akaridhika na alichokiona, na mwaka 1887 daktari Profanter akachapa kitabu kuhusu kazi ile. Tiba ya Brandt ikaenea Ulaya.

Halafu ikafifia. Oparesheni zikawa salama zaidi, na wengi waliomwiga walikuwa wakikanda kila kitu: uvimbe, usaha, ugumba, mpaka huzuni. Mkono ulioonekana kufaa jambo moja ukatangazwa kufaa yote. Mkumbuke hapa, tutarudi.

Kilichobaki? Misuli. Mwaka 1948 daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu kuirudishia nguvu misuli ya chini ya nyonga kwa mazoezi, na leo hata kwenye vikundi vya WhatsApp watu wanaambiana "fanya Kegel". Hayo yana ushahidi mzuri, hasa kwa mkojo unaovuja ukikohoa au kucheka. Hayana gharama. Unaweza kuyafanya ukisubiri daladala.

SEHEMU YA 5

Mlioniuliza kuhusu neno "ostiopathi", haya.

Andrew Taylor Still alikuwa tabibu wa Marekani, amezaliwa 1828. Mwaka 1864 alipoteza watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo. Watatu. Yeye ni tabibu, na dawa za enzi ile, zebaki na nyinginezo, hazikumsaidia kitu. Mzazi yeyote anaelewa hasira iliyofuata. Mwaka 1874 akatangaza njia yake, akisema mwili una uwezo wa kujiponya ikiwa mifupa, misuli na mishipa ya damu haijabanwa, na kazi ya tabibu ni kuachia kilichobanwa kwa mikono. Mwaka 1892 akafungua chuo Kirksville, Missouri, na tangu darasa la kwanza wanawake walikuwemo.

Still alikosea mengi, alidhani karibu kila ugonjwa unaanzia kwenye mifupa. Na Marekani mambo yaligeuka: wahitimu wa vyuo vya ostiopathi siku hizi ni madaktari kamili, wanaandika dawa na kupasua. Nchi nyingine ni watu wa mikono tu, na mafunzo yao yanatofautiana sana. Kwa hiyo ukiona cheti ukutani, uliza ni cha wapi na cha muda gani. Wikiendi tatu si miaka minne.

Kutoka huko tunafika Ufaransa, kwa Jean-Pierre Barral, ambaye ndiye hasa chanzo cha kile alichotangaziwa dada yetu. Barral alikuwa mfiziotherapia kwenye hospitali ya magonjwa ya mapafu, Grenoble. Mwenyewe husimulia kwamba mgonjwa mmoja wa mgongo alirudi amepata nafuu, akamwambia siri: alikwenda kwa mzee mmoja akamsukuma kitu tumboni. Yaani na kule Ufaransa bibi na babu wa kukanda walikuwepo! Pia alipata kushuhudia maiti za wagonjwa wa mapafu zikipasuliwa, akaona jinsi tando za ndani zilivyokakamaa na kuvutana. Akajenga wazo: kila kiungo kinateleza na kusogea kidogo unapopumua, kovu au uvimbe ukikinatisha, kinavuta jirani zake, na maumivu yanajitokeza mbali. Mwaka 1983 akatoa kitabu pamoja na Pierre Mercier. Leo wanafunzi wa njia yake wako mabara mengi.

SEHEMU YA 6

Je, ni kweli?

Nusu ya wazo ni kweli kabisa. Viungo vinateleza. Ini linashuka unapovuta pumzi, ndiyo maana daktari anakwambia "vuta pumzi" akilipapasa. Oparesheni inaacha makovu ya ndani yanayonatisha utumbo, mpasuaji yeyote atakwambia. Na maumivu kujitokeza mbali ni jambo lililochorwa ramani tangu 1893 na Henry Head wa London, daktari ambaye baadaye alikubali mshipa wa fahamu wa mkono wake mwenyewe ukatwe ili asome hisia zinavyorudi. Mfuko wa nyongo unauma, mgonjwa anashika bega la kulia. Na hili wamama lishikeni: mimba changa, maumivu ya tumbo, kisha ncha ya bega inauma na unahisi kizunguzungu, hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, damu inavuja ndani. Bega halikandwi hapo. Ni hospitali, usiku huo huo.

Nusu ya pili ndiyo yenye shida: kwamba kidole kinaweza kujua ini limevutwa, na kwamba kinaweza kuliachilia. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa, nchi ya Barral mwenyewe, walikusanya tafiti zilizokuwepo. Hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba watendaji wawili wakigusa tumbo moja wanakubaliana, wala kwamba tiba yenyewe inazidi mguso wa kawaida. Australia, mwaka 2015, walichukua watu 64 wenye maumivu ya kiuno, wote wakapata fiziotherapia, nusu wakaongezewa kukandwa viungo, nusu wakaguswa kiigizo. Baada ya wiki sita hakukuwa na tofauti. Baada ya mwaka waliokandwa walisema wana maumivu kidogo zaidi. Inavutia, ila ni utafiti mmoja mdogo. Makovu ya ndani? Mwaka 2012 kukanda kulisaidia kuyazuia na kuyaachanisha, kwa panya. Dada yetu si panya.

Kuna pale mkono wa kawaida, usio na jina kubwa, unapofaa. Uswidi tena, 2009, watu 60 wenye kukosa choo: waliokandwa tumbo kwa wiki nane walipungukiwa dalili na kupata choo mara nyingi zaidi, ingawa dawa za kulainisha hawakuziacha. Na ngozi yetu ina nyuzi za fahamu zinazopenda mguso wa pole pole, sentimita chache kwa sekunde, mwendo ule ule mama anaompapasia mtoto bila kufundishwa. Kwa hiyo kichanga mwenye gesi, mkande kwa kiganja chenye joto, kufuata mshale wa saa, kwa uzito wa kupaka losheni. Akitapika kijani, akitoa damu chooni, tumbo likiwa gumu, au akilia kwa vipindi huku amekunja miguu na kulegea, weka mafuta pembeni, mlete.

SEHEMU YA 7

Narudi kwa dada yetu. Nilimuuliza maumivu yanakuja lini. Alikaa kimya siku nzima, akajibu: "Nesi, nimehesabu. Yanakuja siku zangu zikija. Na kuna kigoroto kidogo, siku hizo kinavimba."

Mtaalamu wake alikuwa amekigusa kile kigoroto mara mbili. Akasema ni fundo la kovu, litalainika.

Nikamwambia hela ya vikao aipeleke kwenye ultrasaundi na daktari wa wanawake. Ikaonekana, na baada ya kukatwa maabara ikathibitisha: endometriosisi ya kwenye kovu. Chembe za ukuta wa ndani wa kizazi zinahamia kwenye mshono wakati wa oparesheni, zinakaa hapo, na kila mwezi zinavimba na kuuma kama ziko nyumbani kwao. Si saratani. Haikandiki ikaisha. Kwa kawaida inatolewa, na wakaitoa.

Wiki ya nane baada ya kushonwa, daktari akamruhusu kwenda fiziotherapia ya hospitali, na hapo, mtaniamini? akafundishwa kulikanda kovu lake. Vidole viwili, mafuta kidogo, dakika tano, ngozi isogee juu ya kilicho chini yake. Anasema ganzi inapungua na anaweza kumbeba mtoto upande ule bila kujikunja.

Juzi kanitumia tena ujumbe, saa nne usiku. Mama yake amefika kutoka kijijini na kanga mbili na chupa ya mafuta ya nazi, anataka kumkanda. Nikamwambia tumbo amwachie mwenyewe kama alivyofundishwa. Mgongo na miguu, bibi ajisevie.